Alama ya Ubora Niliyoifuma Mwenyewe

Mpendwa Mama Scholastica, shikamoo, na kwa kuwa wewe ni wa Njombe mjini na mimi ni wa Makambako naongeza na kamwene ya nyumbani, naomba uninusuru maana nimebanwa pande zote, mke ananivuta huku, shemeji ananivuta kule, na jina langu tafadhali usilitoe gazetini kwa sababu mji wetu huu mafundi wa kufuma tunajulikana na wateja wangu wanaisoma sana safu yako, hata wale wanaoisoma kwenye gazeti lililofungiwa maandazi.

Mimi nina mashine ya kufuma masweta karibu na stendi, na kazi yangu kubwa ni masweta ya shule, ambayo kama unavyojua yana msimu wake, shule zikifunguliwa hulali, zikishatulia unaitazama mashine na mashine inakutazama, kwa hiyo miezi hiyo mibovu nafuma kofia za watoto wachanga, na hizi si kofia za kawaida mama, ni kofia za kondoo, nyeupe, zina masikio ya kuning'inia, zina pua nyeusi, zina macho mawili ya vifungo vinavyong'aa ambavyo hubaki nikishamaliza masweta ya wasichana, na zina kamba mbili za kufungia chini ya kidevu kwa sababu upepo wa Makambako huhitaji kuelezwa na mimi, kofia isiyofungwa hapa utaifuata mpaka relini. Abiria wa kutoka Dar es Salaam wanashuka kwenye basi mtoto kavaa fulana, ule upepo unawapiga, wanaanza kugeuka huku na huku, na kofia zangu ziko pale pale mlangoni, na sijisifu ila kondoo wangu ukimwona lazima ucheke.

Sasa mwaka huu, kabla baridi haijakaza, wafanyabiashara wadogo tuliitwa kwenye ukumbi wa kata, akaja binti mmoja afisa wa mambo ya viwango akiwa na afisa biashara wetu, tukaambiwa vitu vya watoto sasa vinafuatiliwa kwa ukali, midoli, nguo, vigari vya kujifunzia kutembea, chochote anachoshika mtoto, na yule binti alikuwa anamulika picha ukutani zenye maneno ya Kiingereza, moja imeandikwa kitu kama chokingi hazadi, nami nikadhani ni jina la kampuni ya nje inayotuletea vitu vibovu, nikamwambia mwenzangu tuwe macho na hawa Chokingi. Baadaye akapita kwenye meza tulizopanga bidhaa, akafika kwangu, akaishika kofia ya kondoo, na hata yeye mama alicheka, halafu akasema, "Baba, nzuri sana, ila haina alama. Bidhaa ya mtoto inatakiwa iwe na alama ya ubora. Na hivi vifungo vitoe, mtoto atameza, na kamba hizi nazo zinaweza kumnyonga." Akasogea kwa jirani yangu anayeuza mabeseni ya kuogeshea watoto.

Mimi ninavyoijua kazi yangu, mwalimu mkuu akiniambia sweta ziwe na nembo ya shule, hanitumi niende kuiomba mahali, ananionyesha nembo nami naifuma, mwenge uwe mwenge, kitabu kiwe kitabu, na hakuna shule huku iliyowahi kunirudishia nembo kwamba imepinda, basi nilipoambiwa kofia iwe na alama nikaenda nyumbani, nikachukua pakiti ya unga iliyokuwa na ile alama ya ubora, nikaichora kwenye karatasi ya miraba, nikahesabu mishono, nikaifuma kwa uzi mwekundu kwenye paji la uso la kondoo, herufi zote zimesimama, na Mungu anisamehe lakini ilipendeza kuliko ile ya kwenye pakiti. Kuhusu vifungo nilimsikia, sikatai, ila mimi kifungo nakipitisha uzi mara nne na kupiga fundo kwa nyuma, na tangu nianze kazi hii kifungo changu hakijawahi kudondoka, kwa hiyo nikaona hilo alikuwa anawaambia mafundi wengine.

Baada ya hapo mama biashara ilibadilika sura, maana zamani mteja alikuwa anaivuta kofia, anainusa, anauliza kama itachuja rangi, anaondoka, anarudi, sasa anaiona alama ananyamaza na kulipa, na wenzangu wa stendi wakaanza kuja, mwenye mitumba ya watoto akaleta makoti niyawekee, anayechonga magari ya mbao akauliza kama uzi unaweza kugandishwa kwa gundi, na yule wa mabeseni nikamwambia ndugu yangu hapana, beseni siwezi kulifuma. Makoti niliyaweka, ila machache.

Mke wangu Teodora ndiye aliyeanza kunitia wasiwasi, alikuwa amekwenda kwao Lupembe kuwasaidia kuchuma chai, aliporudi akaziona zile kofia zimepangwa akashika mdomo, akasema, "Baba Brayson, hii si nembo ya shule. Hii ni ya serikali. Utafungwa wewe na kondoo wako." Nikamjibu kwamba serikali yenyewe ndiyo iliyoniambia niweke. Lakini haikupita muda afisa biashara akanipigia simu, ananipongeza, anasema amesikia kuna fundi wa stendi ameshapata alama, akauliza nimeipata lini na ni nani aliyeipima bidhaa, na kwamba wale wa viwango wanarudi kukagua, na hapo mama ndipo nilipoelewa kwamba alama huwa inaombwa, kitu kinachukuliwa kinapimwa kwanza, nikamwambia afisa mtandao unakatakata nikazima simu.

Sasa kofia zilizobaki zimejaa magunia, Teodora anasema nizichome, shemeji yangu Timoth anayezunguka na biashara huko Makete anasema nimpe azipandishe Matamba, huko baridi inauma mpaka mchana, watoto ni wengi, na hakuna afisa atakayepanda mlima kwenda kukagua macho ya kondoo, zitaisha kabla mtu hajauliza, na mimi moyo wangu umeelekea huko kwa sababu uzi nilinunua na nguvu nilitumia, na kwa kweli nikiwafikiria matajiri wenye maduka makubwa wanaoleta midoli ya plastiki inayovunjika siku ile ile, mbona wao sikuwaona ukumbini, sheria hii inamwona fundi wa stendi tu.

Kuna na jambo lingine dogo, sidhani kama linahusika ila niliseme nisije nikaonekana nimeficha, yuko jirani yetu anaitwa Oliva, anapika mgahawani pale stendi, mtoto wake Amon ndiyo kwanza anajifunza kukaa, alimnunulia kofia kwangu, sasa siku moja akaja na kifungo amekifunga kwenye pembe ya kitenge, akanisalimia vizuri, akasema, "Samahani fundi, Amon alikinyofoa hiki kikamwingia kooni, akawa hapumui, akabadilika rangi, bibi yake ndiye aliyemlaza kifudifudi mapajani akampiga mgongoni mpaka kikatoka. Ni uzembe wangu, nilimwachia kofia aichezee nikiwa nasonga ugali. Kofia yenyewe najua ni nzima, si ina alama. Naomba umrudishie kondoo jicho lake." Nikampa pole, nikamwambia watoto ndivyo walivyo, nikakishona, safari hii uzi mara sita, wala sikumdai chochote.

Basi mama nishauri, nizipandishe Matamba, nizichome, au niifumue ile alama tu kondoo wangu wabaki kama walivyokuwa?

Ni mimi fundi, Makambako.

MAMA SCHOLASTICA ANAJIBU

Fundi, marahaba, na kamwene.

Umeniomba nifiche jina lako, kisha ukamwaga majina ya mkeo, shemeji yako, jirani yako na mtoto wake. Nimeyabadilisha yote mimi. Katika watu wote uliowaandika uliyemkumbuka kumlinda ni mmoja, na ni wewe, na hilo lilinionyesha barua inakoelekea kabla sijafika katikati.

Nimesoma habari za upepo. Nimesoma mabeseni. Nimewasoma hao Chokingi, nikacheka, nakiri. Halafu mwishoni kabisa, baada ya magunia na shemeji na matajiri, nikakutana na mtoto aliyekosa pumzi, umemlaza chini ya maneno "jambo lingine dogo". Nikarudi juu nikidhani nimeruka ukurasa. Sikuruka. Mtoto wa jirani yako alikuwa anakufa kwa kifungo chako, nawe ukakishona pale pale kilipotoka, na ukaona umetenda hisani kwa kuwa hukumdai.

Sikungoja gazeti lichapwe. Nilipiga namba uliyoandika nyuma ya bahasha, wewe ulikuwa stendi unauza, simu umeiacha nyumbani, akapokea Teodora. Nikamsomea kile kipande cha Oliva. Kumbe hukuwahi kumwambia. Alisema tu, "Ngoja mama," akaiacha simu wazi mezani, nikasikia mlango. Baadaye alinipigia, kofia ya Amon imeshachukuliwa, ipo nyumbani kwako, macho yamekatwa kwa kisu cha jikoni, na wewe ulikula chakula cha jioni karibu nayo bila kuiona. Kwa hiyo sasa naweza kukukaripia kwa nafasi.

Tuanze na alama, kwa kuwa ndiyo unayoipenda. Ulivyoelewa nakuelewa. Fundi aliyezoea nembo za shule akiambiwa "iwe na alama" atashika uzi, na yule binti wa viwango naye ana la kujifunza. Watu wanaokuja ukumbini wametoka kwenye mashine na masufuria, waambiwe alama hupatikanaje, nani anapima, wanaanzia mlango upi, na maneno ya ukutani yawe ya Kiswahili. Angeandika "Kitamkwama mtoto kooni" leo tusingekuwa na kampuni ya Chokingi. Hapo nakuonea huruma, na huruma yangu inaishia hapo hapo.

Inaishia hapo kwa sababu yule binti alikwambia mambo yote kwa pumzi moja, na mbele ya kofia yako mwenyewe, wala hakuwa anahutubia ukuta. Lilikuwapo la kuongeza kitu na lilikuwapo la kutoa kitu. La kuongeza ulilikimbilia na karatasi ya miraba. La kutoa ukawagawia mafundi wengine, watu ambao hata hawakuwa na kondoo. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa, lakini la kwako lilikuwa zima kabisa, lilisikia, likachagua.

Na linalonichefua zaidi ni hili. Una mikono ya kufuma nembo ya serikali, herufi zimesimama, ukathubutu kunitambia kwamba imeipita ya kwenye pakiti ya unga. Mikono hiyo hiyo ikashindwa kufuma macho mawili ya kondoo? Pua uliifuma. Uzi mweusi ulikuwa bado uko kwenye sindano! Mishono michache tu, kazi ya kumaliza chai ikiwa bado ya moto. Lakini vifungo vilikuwa vimebaki, na vilikuwa vinang'aa, na wewe ni mtu wa vinavyong'aa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kofia yako ilianza kujitembeza siku ulipoivisha alama ya watu.

Unanihesabia uzi mara nne. Fundi, wewe ni baba, Brayson wako hakuota meno? Mtoto anayeota meno anatafuna ukingo wa kitanda, anatafuna mkanda wa baba yake, anatafuna shanga za mama mpaka zikatike. Anatafuna kutwa, hana kazi nyingine. Kwamba kifungo chako hakijawahi kudondoka ni kwa sababu wasichana wa sekondari hawanyonyi masweta yao.

Na unajua ile alama yako ilifanya kazi gani? Umeieleza mwenyewe na hukusikia ulichosema. Zamani mteja aliivuta kofia, akainusa, akauliza, akaondoka, akarudi. Wale kina mama ndio waliokuwa wanakukagua, bure, kila siku, na huenda mmoja wao angevuta kifungo kikamjia mkononi akakutukana mbele ya stendi nzima, ukajifunza. Wewe ukawanyamazisha. Mtu akiiona alama ile anaamini yupo aliyekaa mahali akaivuta kofia kwa niaba yake, akajaribu kukinyofoa kile kifungo kikagoma, ndiyo maana analipa na kwenda zake. Hakuna aliyekaa popote. Ulikuwa wewe na pakiti ya unga.

Kuhusu matajiri, nakuunga mkono nusu. Mwenye duka kubwa ana mtu wa kumfuatilia karatasi zake. Wewe ukienda kufuatilia unafunga mashine, na ukifunga mashine nyumbani kunapungua kitu mezani, halafu unaambiwa rudi wiki ijayo na sampuli nyingine. Masharti haya yanamwelemea mdogo, na wanaoyasimamia wana wajibu wa kumtengenezea njia fupi mtu wa mashine moja, hilo nitalisema mbele ya yeyote na wasome hapa. Ila mdoli wa tajiri ukivunjika wewe husafiki. Na kukata vifungo hakukuhitaji ofisi, ada, wala safari ya maabara. Mkasi upo kwenye droo ya mashine yako, ule unaokatia nyuzi.

Sasa Matamba. Hebu nieleweshe, watoto wa Matamba wana makoo ya bati? Shemeji yako anajivunia kwamba huko hakuna afisa. Sawa, hakuna. Na je, alikwambia mama wa huko mtoto wake akikwamwa atamkimbiza wapi, kwa gari la nani, mvua ikiwa imeishika barabara? Kule ambako afisa hafiki ndiko mtoto akipatwa anachelewa kuokolewa, na huko ndiko ulikoona pazuri pa kumalizia mzigo. Moyo wako "umeelekea huko", ndivyo ulivyoandika. Basi ugeuze. Timoth akipandisha hata gunia moja, jina lake nitaliandika lile la kweli, na la kwako nitaliandika kwa herufi kubwa juu ya safu hii.

Wala usichome. Teodora ana hasira na anayo haki, lakini uzi mzuri hauchomwi, na moshi wa magunia karibu na stendi utaonekana kama mtu anayeficha kitu, kwa kuwa ndivyo ilivyo. Kata vifungo vyote na kamba zote. Fumua alama kwenye kila kofia, usibakize hata moja ya kumbukumbu, nakujua. Yale makoti ya mitumba yafuate lilipo kila moja, hata mwenye nayo akinuna. Kisha usingoje kukaguliwa. Mpelekee mwenyewe gunia lako yule afisa biashara uliyemkatia simu, umweleze kama ulivyonieleza mimi, ila uanzie mwisho wa barua. Sitakudanganya kwamba yataisha kwa chai, kutumia alama usiyopewa ni kosa na unaweza kutozwa faini au kufikishwa mbali zaidi. Lakini anayejipeleka husikilizwa tofauti na anayekutwa. Ukishatoka huko panda gari mpaka hapa Njombe, uende SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, uulize wanamsaidiaje mtu mdogo anayetaka alama ya kweli. Ada na masharti mimi siyasemi kwa sababu hubadilika, uliza kwa mdomo wako, na safari hii ukijibiwa sikiliza mpaka mwisho.

Na upepo usinitishe nao, nimekaa Makambako, umewahi kuninyang'anya kitenge mbele ya watu. Fuma mzula, ule unaoshuka mpaka shingoni bila kubana, hauna kamba na hauruki. Macho yafume kwa uzi. Kondoo atachekesha vile vile.

Zinazoninyima amani ni zile zilizokwisha kupanda mabasi. Ziko Songea, ziko Mbeya, ziko Ludewa, ziko vichwani mwa watoto ambao hutawaona. Nenda redioni. Redio zetu zinatangaza mbuzi aliyepotea, rangi yake na jina la anayemtafuta, hazitashindwa kutangaza kofia. Na wewe msomaji, kama mtoto wako ana kofia nyeupe ya kondoo iliyonunuliwa stendi ya Makambako, yenye alama nyekundu kwenye paji la uso, weka gazeti chini ukate yale macho sasa hivi. Alama hiyo usiitegemee, hakuna aliyepima kitu.

Limebaki moja, fundi, na hili hukuliuliza.

Teodora alipofika kwa Oliva hakuwa na la kueleza, maana hata yeye alikuwa ndiyo kwanza amesikia. Alisema tu, "Mama Amon, nipe hiyo kofia." Oliva akaivua kichwani kwa mtoto, akampa kwa mikono miwili, halafu akauliza taratibu, "Mmekaa mkaona sifai kulea?" Teodora alinisimulia hili analia, na hakumjibu kwa sababu jibu analo mtu mwingine. Tangu siku ya kifungo Oliva anapika na mtoto mgongoni, joto la jiko linawaunguza wote wawili, hathubutu kumshusha wala kumwachia mtu. Bibi wa mtoto, ambaye ni mama mkwe wake, anamkumbusha kila akipata nafasi kwamba alikaribia kumuua mjukuu. Naye anaitikia, kwa sababu anaamini. Alikuja kwako akiamini hivyo, akajihukumu mbele ya macho yako, na neno moja lako lingemwondolea mzigo wote. Ukamwambia watoto ndivyo walivyo, ukavuta uzi.

Nenda kwake leo, kabla ya afisa, kabla ya redio. Usiende na kofia mpya ya zawadi. Usitaje upepo, usitaje ukumbi, usitaje uzi mara sita. Omba mama mkwe awepo asikie. Sema hivi, na usiongeze neno: "Oliva, niliambiwa nivitoe vile vifungo, nikakataa. Ile alama niliifuma mwenyewe. Wewe hukukosa kitu." Akikutukana, simama hapo umsikilize mpaka amalize.